Hamsta Kibete Ni Mnyama wa Kutazama, Si wa Kupakata

Binti yangu aliomba hamsta kwa miezi 7 mfululizo. Tunaishi Leipzig, Ujerumani, ghorofa ya tatu, na darasani kwake watoto kadhaa walikuwa wanafuga. Mimi nimekulia Tanga, ambako kiumbe mwenye meno ya mbele anayekatiza jikoni usiku hukimbizwa kwa ufagio, kwa hiyo miezi yote 7 jibu langu lilikuwa "tutaona", huku nikiomba asahau. Hakusahau. Ikabidi nianze kuulizia kwa dhati, na kila niliyemuuliza alinichanganya zaidi. Huyu anasema hamsta vibete hupenda kukaa wawili, yule anasema ukiwaweka wawili, asubuhi utamkuta mmoja. Huyu anasema tundu la nusu mita linatosha, yule anadai mita nzima na maranda ya kuchimba juu yake. Huyu anasema ni wapole, wanamfaa hata mtoto wa chekechea, yule ananyoosha kidole chenye kovu.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba wengi wao hawakuwa wakidanganya. Walikuwa wanazungumzia wanyama tofauti kwa jina moja. Tena kila mmoja alikuwa na swali lake kichwani: muuzaji anafikiria kama mnyama atabaki hai, mtoto anafikiria kama ataweza kumshika. Swali la mnyama mwenyewe, yaani kama ataweza kuishi maisha ya hamsta, ndilo nililolisikia mara chache zaidi. Kwa uzoefu wangu, ukishalijibu hilo, hayo mengine hujijibu.

Jina moja, wanyama wanne

"Hamsta kibete" ni jina la rafu ya dukani. Chini yake kuna wanyama watatu walio ndugu wa karibu, wote wa jenasi Phodopus, na wa nne aliyeingizwa humo kwa sababu ya udogo wake tu. Wa kwanza ni hamsta wa Campbell, wa nyika za Mongolia na maeneo ya jirani, aliyepewa jina la Mwingereza aliyempata huko mwaka 1902. Wa pili ni hamsta wa Dzungaria, ambaye kwao ni nyika za Kazakhstan na kusini-magharibi mwa Siberia. Mtaalamu Peter Simon Pallas alimwandika tangu mwaka 1773. Huyu ndiye ambaye siku zikifupika manyoya yake hugeuka meupe ili afanane na theluji, ingawa akikaa ndani ya nyumba zenye taa mara nyingi habadiliki kabisa. Wa tatu ni hamsta wa Roborovski, wa mchanga wa Gobi na majangwa ya jirani, mdogo kuliko wote. Wa nne ni hamsta wa China, mwembamba, mwenye mkia unaoonekana, na ni wa jenasi nyingine.

Nje ya kundi hili yuko hamsta wa dhahabu, na ndiye chanzo cha nusu ya mkanganyiko. Mwaka 1930 mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni alimfukua mama na watoto wake karibu na Aleppo, Syria, na karibu hamsta wote wa dhahabu wanaofugwa duniani leo wametokana na familia ile. Ushauri mwingi unaozunguka mitaani ulitungwa kwa ajili yake. Yeye ana gramu 100 hadi 150 au zaidi, anajaa kiganjani, na hutembea kwa mwendo ambao jicho linaweza kuufuata. Roborovski ana gramu 20 hadi 25. Yai moja la kuku linawazidi Roborovski wawili kwa uzito. Campbell na Dzungaria wako katikati, gramu 30 hadi 50 hivi.

Udogo huo unabadilisha kila kitu. Roborovski ni nadra kuuma, lakini hashikiki: ukifunga mkono amepita, ukifungua amepita, na akianguka kutoka urefu wa kifua chako anaweza kuvunjika mgongo. Campbell huonekana mtulivu, ila wengi wao hulinda nyumba yao kwa meno mkono unapoingia. Dzungaria huzoeka kwa urahisi zaidi ukimpa muda. Halafu jua kwamba Campbell na Dzungaria huzaliana wakiwekwa pamoja, na wengi wanaouzwa Ulaya kwa jina la Dzungaria ni machotara. Kwa hiyo hata ukisoma vizuri habari za aina moja, uliyemnunua anaweza kuwa na tabia na maradhi ya aina mbili.

Nilipompigia shangazi Tanga kumwambia, aliniuliza, "Yaani mwanangu, mnatoa pesa kununua panya?" Nilimjibu kwa mfano anaoujua. Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye vijidudu vya kifua kikuu, na mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Panya buku ana mifuko ya mashavu ya kubebea chakula, na hamsta anayo vilevile, ingawa ukoo wao ni tofauti. Shangazi alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama huyo wetu naye ataenda kazini.

Mnyama wa saa tano usiku

Tulimchukua Dzungaria, pengine chotara, kutoka kituo cha wanyama waliotelekezwa. Binti yangu alimwita Ulezi kwa rangi yake, na pia, alisema, kwa sababu mimi nilikuwa nikirudia kila siku kwamba mnyama ni ulezi.

Wiki ya kwanza alilia. Alikuwa akitoka shule saa nane mchana, anakaa mbele ya kasha la kioo, na ndani hakuna kitu kinachotikisika. Maranda tu. Saa mbili usiku anakwenda kulala, na saa tatu kasoro pua inachomoza. Saa tano mimi nikimalizia vyombo, gurudumu linazunguka kama cherehani. Hamsta vibete ni wanyama wa jioni na usiku. Huko kwao mchana wanajificha mwewe na jua, na taa za sebuleni hazijawasahaulisha hilo. Ukimfukua mchana ili mtoto acheze naye, unamwamsha mtu kwa kumvua shuka na kumbeba juu juu, halafu akiuma unasema ni mkali.

Hapo ndipo familia nyingi hushindwa, na sioni aibu kusema kwamba sisi nusura tushindwe. Mtoto alitaka kitu cha kupakata. Paka hupakatwa, sungura aliyezoea hukubali kukaa karibu nawe, simbilisi hulia akisikia hatua zako. Hamsta kibete huja mkononi kwa sababu mkononi mna mbegu. Akizoea sana atapanda kiganjani kwa hiari, atanusa, atashuka. Ulezi alichukua wiki 5 kufika hapo. Kila jioni binti yangu aliweka mkono ndani ya kasha, ameutuliza kama gogo, mbegu moja ya alizeti katikati ya kiganja. Jioni za mwanzo mnyama alifukia kidole chake kwa maranda kama mtu anayeondoa takataka mlangoni.

Lakini niliona pia jambo ambalo sikulitegemea. Usiku mmoja nilikaa mbele ya kioo, taa imefifishwa, Ulezi akarudi kutoka kwenye kibakuli, mashavu yamemjaa hadi mabegani, kichwa kimekuwa kipana kuliko kiuno. Akaingia kwenye handaki lake lililopita ubavuni mwa kioo, kwa hiyo nilimwona kama niko ndani naye. Akasimama. Akaweka mikono nyuma ya mashavu, akasukuma kuelekea mbele, kama unavyokamua dawa ya meno mwishoni. Zikatoka mbegu 9 za alizeti moja moja, na punje za mtama nisizoweza kuzihesabu. Alizipanga, akazifunika, akanusa, akaongeza karatasi juu. Jina la hamsta limetoka kwenye Kijerumani, na Wajerumani wana kitenzi chake, hamstern, yaani kulimbikiza. Mwaka 2020 korona ilipoingia na watu wakabeba karatasi za chooni kwa matoroli, magazeti ya hapa yaliuita ununuzi ule Hamsterkäufe. Baada ya usiku ule binti yangu alianza kuomba ruhusa ya kuchelewa kulala Ijumaa, si ili amshike, ila akae amtazame.

Ndiyo maana nasema jiulize hili kwanza: nyumbani kwako, nani anaburudika na kutazama? Kama jibu ni mtoto wa miaka 4 anayekumbatia kila kitu, usimchukue hamsta kibete. Mimi nisingempa mtoto wa chini ya miaka 10 jukumu hili kama lake, na hata akiwa na 10, mwenye mnyama ni mzazi. Kama jibu ni mtu mzima anayerudi kazini saa moja usiku na anapenda kukaa kimya na kikombe cha chai, huyo pengine hatapata mwenzi bora.

Mita moja ya sakafu kwa gramu 40

Watu hucheka wakisikia vipimo. Chama cha madaktari wa mifugo wa Ujerumani wanaoshughulikia ustawi wa wanyama, TVT, kinataka makazi ya hamsta yasipungue urefu wa sentimita 100, upana 50 na kimo 50. Hamsta mwenyewe ana sentimita 8. Mbona yote hayo?

Kwa sababu umbo lake ni dogo lakini kazi yake ni kubwa. Porini, usiku mmoja hutembea mbali kutafuta mbegu na wadudu, kisha hurudi kwenye mashimo aliyoyachimba ardhini, yenye vyumba vya kulala na vya akiba. Vitu viwili mwili wake unavidai hata kama chakula kipo: kukimbia na kuchimba. Ukimnyima, anaanza kuguguna waya za tundu saa nzima, sehemu ileile, au kupanda kona na kuanguka, kupanda na kuanguka. Wengi huona ni mchezo. Uswisi, Chuo Kikuu cha Bern, watafiti waliliangalia jambo hili kwa hamsta wa dhahabu. Katika utafiti mmoja waliwaweka kwenye matundu ya ukubwa wa aina nne, na waliokuwa kwenye matundu madogo waliguguna waya mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Katika mwingine walibadilisha kina cha matandiko: sentimita 10, 40 na 80. Wa sentimita 10 waliguguna waya kuliko wengine, na kwa waliopewa 80 tabia hiyo haikuonekana hata mara moja. Ni hamsta wa aina nyingine, lakini nimemwona Ulezi akichimba, na siamini kwamba kibete anahitaji ardhi kidogo zaidi kwa sababu tu miguu yake ni mifupi.

Kwetu tulitumia kasha la kioo la mtumba lenye urefu wa mita moja, tulilolipata kwa euro 40 kwa jirani aliyekuwa akifuga samaki. Tulijaza maranda hadi sentimita 30 upande mmoja, tukichanganya na nyasi kavu ili mahandaki yasiporomoke. Maranda yawe makubwa, yasiyo na vumbi, na yasiwe ya mwerezi, kwa sababu harufu yake kali hudhuru mapafu. Ukipenda tundu la waya, angalia nafasi kati ya waya: zaidi ya milimita 7 au 8, kibete anatoka, na Roborovski mchanga anatoka hata hapo. Gurudumu liwe na kipenyo cha sentimita 20, sakafu yake iwe imezibwa. La vijiti hunasa miguu, na dogo humlazimisha kukimbia akiwa amepinda mgongo. Weka pia sinia la mchanga, mchanga hasa, si unga wa vumbi, kwani hawa ni wanyama wa majangwa na nyika kavu na manyoya yao husafishwa kwa kugaagaa. Usimwogeshe kwa maji. Na ile pamba laini inayouzwa kama kitanda cha hamsta, iache dukani: nyuzi zake hufunga miguu hadi damu isipite, na zikimezwa huziba tumbo. Tishu nyeupe isiyo na manukato inatosha. Ulezi alichana kipande kimoja vipande vipande kwa dakika kumi, akavibeba vyote mdomoni.

Mipira ya plastiki ambamo mnyama hufungiwa akaachwa aviringike sebuleni haifai. Ndani ya mpira hanusi njia, hawezi kusimama anapochoka, na hagongi ukuta kwa hiari yake.

Mmoja au wawili

Hapa ndipo ushauri unapogongana zaidi. Ni kweli kwamba hamsta vibete hustahimiliana zaidi kuliko hamsta wa dhahabu, na Campbell hulea pamoja: baba humsaidia mama wakati wa kuzaa, hata kumvuta mtoto anayetoka, jambo adimu kabisa miongoni mwa wanyama. Kwa sababu hiyo maduka huwauza wawili wawili. Lakini porini anayeshindwa ugomvi huondoka, na kwenye kasha la mita moja hana pa kwenda. Dada waliozaliwa pamoja huweza kulala kifuani kwa mwenzake miezi 4 na mwezi wa 5 wakararuana. Dalili huja mapema: mmoja ananenepa na mwingine anakonda, mmoja halali kwenye chumba kile, mmoja analia kwa sauti nyembamba usiku. Kama unawaweka wawili, uwe tayari kuwa na kasha la pili lenye ukubwa uleule, siku hiyohiyo. Mimi nasema chukua mmoja. Hatakuwa mpweke kama wewe unavyoujua upweke.

Na kama waliouzwa kama dada ni kaka na dada, piga hesabu. Mimba huchukua siku 18 hadi 21, watoto huwa 4 hadi 6 na wakati mwingine zaidi, mama anaweza kushika mimba nyingine saa chache baada ya kuzaa, na watoto wenyewe wanaweza kuzaa wakiwa na wiki chache tu. Kituo tulipomchukua Ulezi walikuwa na wenzake 11, wote kutoka nyumba moja iliyonunua "wasichana wawili". Familia ile ilikuja kuwarudisha na masanduku ya viatu.

Chakula, na sukari inayojificha

Chakula ni rahisi. Mchanganyiko wa mbegu ndogo kama mtama, ulezi, uwele na mbegu za majani, karanga na alizeti kwa uchache kwa kuwa zina mafuta mengi, kipande cha tango au jani la mboga, na mara mbili kwa wiki protini: yai la kuchemsha kiasi cha ukucha, au funza wakavu wa dukani. Hamsta anahitaji wadudu, si mla nafaka peke yake. Maji safi kila siku.

Jihadhari na utamu. Campbell na machotara wake huelekea kupata kisukari, na hamsta wa China pia. Vijiti vya asali, matunda makavu, ndizi, zabibu, vyote hivi hupambwa kwenye rafu ya hamsta na kwa wanyama hawa ni hatari. Ukiona anakunywa maji kuliko kawaida na kona ya haja inalowa kila siku, mpeleke kwa daktari.

Baridi ya Leipzig, joto la Dar

Januari ya mwaka wa kwanza tulifanya kosa. Tulizima kipasha joto chumbani na kuacha dirisha wazi kidogo usiku, tukidhani ana manyoya ya Siberia, atavumilia. Asubuhi binti yangu alinikuta jikoni, mikono ameikusanya kifuani, hawezi kusema. Ulezi alikuwa amejikunja kama mpira, baridi kama jiwe la mtoni, haonekani kupumua. Nilimpokea. Nilishaanza kutafuta maneno ya kumwambia mtoto. Kisha nikakumbuka nilichosoma: hamsta wa Dzungaria, siku zikiwa fupi, baridi imezidi au chakula kimepungua, huweza kuzima karibu kila kitu kwa saa kadhaa. Joto la mwili hushuka hadi karibu nyuzi 20 au chini yake, moyo hupiga polepole, pumzi huja kwa kuvizia. Nilimweka kati ya viganja vyangu, chini ya kanga, nikakaa. Sikumweka juu ya kipasha joto, maana joto la ghafla linaweza kumuua. Baada ya dakika kama 40, sharubu moja ilitikisika. Binti yangu aliiona kabla yangu.

Kwa hiyo, hamsta aliyepoa usimzike kwa haraka. Mpashe taratibu, na ikishindikana au akiamka akiwa dhaifu, mwite daktari, kwa sababu maradhi mengine pia humfanya mnyama apoe hivyo.

Joto ni kinyume chake na halina huruma. Hamsta hana jasho la kumpoza. Anajisikia vizuri kati ya nyuzi 18 na 24, na zikipita 30 maisha yake yako hatarini. Kwa ndugu zangu wa Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar na Tanga, nasema kwa mapenzi yote: kama huna chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi mchana na usiku, na njia mbadala umeme ukikatika, huyu si mnyama wako. Wa Muscat na Dubai wenye viyoyozi wanaweza, lakini wengi huvizima wakienda kazini, na hapo ndipo mnyama hupikika kwenye kioo. Arusha, Iringa, Mbeya na Nairobi hali ya hewa inampendelea zaidi. Huko swali linakuwa daktari. Madaktari wengi wa mifugo wamezoea ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa, na hata hapa Leipzig si kila kliniki inampokea mgonjwa wa gramu 40. Tafuta wa kwako kabla ya kumnunua mnyama.

Na popote ulipo, usimwachie nje unapochoka naye. Australia na jimbo la Hawaii nchini Marekani wamepiga marufuku kabisa kufuga hamsta, kwa hofu kwamba wakitoroka watajijenga porini na kula mazao na viumbe wa huko.

Afya ya wenye nyumba

Hamsta aliyetoka mahali safi si hatari kubwa, lakini kuna watu ambao ningewaomba wasimchukue sasa. Wanyama hawa wanaweza kubeba virusi vya LCM, ambavyo makao yake ya kawaida ni panya wa nyumbani. Kwa mtu mwenye afya huja kama mafua. Kwa mjamzito vinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa vinaweza kuua. Mwaka 2005 Marekani, wagonjwa 4 walipandikizwa viungo vya mtu mmoja, wakaugua, na 3 wakafariki. Hamsta aliyekuwa nyumbani kwa mtoaji alikutwa na virusi hivyo. Kama una mimba, kama kuna mtu anayetumia dawa za kushusha kinga, subiri. Vilevile kuna salmonella, kwa hiyo mikono huoshwa kwa sabuni kabla na baada, na kasha halisafishwi kwenye sinki la jikoni.

Mwenye pumu aende kituo cha wanyama akae karibu na maranda nusu saa kabla ya kuamua. Mara nyingi vumbi humsumbua kuliko mnyama.

Miaka miwili

Hamsta kibete huishi mwaka mmoja na nusu hadi miwili, Roborovski wakati mwingine hufika mitatu. Wengine huona hiyo ni faida: si mbwa wa miaka 13. Mimi naliona kwa pande mbili. Ni kweli kwamba mwanafunzi mwenye mkataba wa nyumba wa miaka miwili anaweza kulitimiza jukumu hili mpaka mwisho. Lakini mtoto ataona uzee ukija kwa kasi ambayo hakuitegemea. Ulezi akiwa na mwaka na miezi 8 alianza kuchimba kidogo, manyoya ya mgongoni yakapungua, gurudumu likawa linazunguka robo saa badala ya usiku kucha. Tulishusha kibakuli, tukaondoa ngazi. Alikufa na mwaka na miezi 10, ndani ya chumba chake cha karatasi, akiba yake ya mtama iko pale pale.

Ukishapima haya yote na bado unamtaka, anzia kituo cha wanyama waliotelekezwa kabla ya duka. Wenye kituo humjua kila mmoja kwa tabia, watakwambia ukweli kuhusu anayeuma, na hawana haraka ya kukuuzia wa pili. Nenda jioni, saa moja au saa mbili kama wanaruhusu. Tazama macho kama yanang'aa, pua kavu, meno ya mbele yamelingana, sehemu ya nyuma haijalowa, maana kulowa huko ni dalili ya kuhara kunakoua kwa siku chache. Mtazame akitembea, usiombe kumshika. Na ukimkuta amelala, rudi kesho.